Nilimwambia Bingwa Miezi Sita

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana nimejifunga mwenyewe, mimi ni tabibu wa zahanati, watu huniita Daktari nami naitika, na dada yangu mkubwa, aliyenilea baada ya mama kufariki, kwa miaka minne chakula kilikuwa kinamkwama kifuani, akawa anakula amesimama huku akisukumia tonge kwa maji, nasi tukamcheka na kumwita Askari, asubuhi mto wake una mabaki ya chakula, nami nampa vidonge vya kiungulia, hata mwaka juzi daktari mgeni alipomwandikia eksirei ya kifua, ile inayopigwa mtu akiwa amekunywa dawa nyeupe, nikamwambia, "Achana nayo, dada, mimi si nipo?" akaniamini, akakonda mpaka pete ikamvuka kidoleni. Sasa bingwa wa upasuaji wa kifua amegundua ugonjwa adimu, mlango wa chini wa umio, njia ya chakula kwenda tumboni, haufunguki na umio wenyewe umetanuka kama gunia, na aliponiuliza ulianza lini, aibu ikanishika, nikasema miezi sita, dada akanyamaza, tulipotoka akaniambia, "Nimekusitiri, mdogo wangu," na tangu siku hiyo najuta, upasuaji ni wiki ijayo, nikisema kweli kazi na heshima vitakwenda, nifanyeje?

Tabibu Mwenye Aibu

Ndugu Tabibu,

Namba uliyoacha nimeipiga mara mbili, hupokei. Basi soma hapa.

Pole. Kukosea ugonjwa adimu si dhambi, na majuto yako nayaamini. Lakini ile eksirei hukuikosea, uliikataa kwa kiburi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeficha ya mwenzako, na kifo kikija hakitaanza na wewe.

Bingwa anapanga kazi yake kwa maneno yako. Na mtaalamu wa dawa ya usingizi, nani amemwambia kwamba chakula humrudia dada akilala? Mabaki yale yakiingia mapafuni akiwa hana fahamu, je? Haya unayajua kuliko mimi, ndiyo maana nimekasirika.

Kesho asubuhi nenda kwa bingwa. Sema miaka minne, taja vidonge, taja mto, taja ile eksirei. Usimtume mtu. Kazi ikienda, iende. Kisha kaa na dada, umwambie umeshasema yote, hana tena siri ya kukubebea. Msamaha uombe baada ya hapo.

Alikulea ukiwa mtoto. Usimwache aendelee kukulea juu ya kitanda cha upasuaji.