Uso kwenye Bati la Saluni

Jumatatu, 2 Machi 1987

Leseni imetoka! Afisa biashara aliuliza mara mbili: mwenye kazi ni nani, baba au mama? Vitus akamwambia andika wote wawili. Akasema nafasi kwenye fomu ni moja. Vitus akajibu, andika kwa herufi ndogo, tutaenea. Nilicheka mpaka barabarani.

Mwezi mmoja tangu niache chaki. Mwalimu mkuu alisema nitarudi kuomba kazi kabla ya Pasaka. Ngoja aone! Tuna chumba cha mbele karibu na stendi, tuna benchi la wateja, na nyuma ya pazia kitanda na jiko. Juu ya mlango: VITUS NA ASTERIA – WACHORAJI. Yeye herufi, mimi sura. Ndivyo tulivyoota tangu uchumba, wakati madukani hakuna hata sabuni, na kuota kitu kama hiki ilikuwa kama wazimu. Sasa ni ruksa. Kinyozi, hoteli, mitumba – kila mtu anafungua kitu na anataka jina lake lionekane.

Alhamisi, 5 Machi

Kazi kubwa ya kwanza. Da Salama anafungua saluni ya kutia nywele kalikiti karibu na stesheni. Anataka mwanamke mzuri juu ya bati, ila asiwe mzungu, amesisitiza. Bati ni la pipa, Vitus amelinyoosha kwa nyundo siku nzima.

Sura imenishinda. Kila ninayochora inafanana na yule wa kwenye kopo la poda. Na huu upepo wa Same! Vumbi limejaa kwenye rangi mbichi. Nimefuta yote kwa mafuta ya taa.

Ijumaa, 6 Machi

Nimeamka, kwenye bati kuna uso. Kwa mkaa.

Vitus! Ambaye miaka yote anasema hawezi kuchora hata kikombe. Mwanamke kijana, mwanya, kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Shingo imegeuka kidogo, kama mtu aliyeitwa kutoka nyuma. Nikamwuliza, nani huyu? Akasema si mtu, imenijia tu. Aliongea huku anatafuta kitu chini ya benchi ambapo hapakuwa na kitu.

Nimepaka rangi kutwa. Nilitaka kulifuta kovu, maana mteja anataka urembo. Vitus akanishika mkono. Liache. Sauti yake sikuipenda.

Jumanne, 10 Machi

Bati limepanda. Watu wanasimama! Kondakta mmoja alilisalimia. Tumepata hoteli mbili, na kanisa la kigango linataka picha ya Bikira Maria kabla ya Pasaka. Nilijisemea, Asteria, ndoto imeshika njia.

Ila nimeona jambo. Vitus hapiti pale. Akienda sokoni anazunguka kwa nyuma, njia ya mbali, kwenye miiba. Nimemwuliza, akasema ni kivuli.

Kivuli gani, kwa nyuma ya soko?

Jumamosi, 14 Machi

Da Salama aliniita asubuhi. Kuna mama mtu mzima amekaa chini mbele ya bati, haondoki, wateja wanamwogopa. Nikaenda. Ameteremka na lori kutoka Mamba, kule milimani, gunia la tangawizi liko pembeni, hata hajalifungua. Nikamwamkia. Shikamoo, mama. Akaitika bila kuondoa macho kwenye bati.

Akasema: "Huyu ni Honorata wangu."

Nikamwambia mama, hii ni picha tu, watu hufanana. Akainuka, akaweka kidole kwenye kovu. Hili ni la jembe, akasema, alikuwa na miaka saba, nilimfunga mimi mwenyewe kwa kipande cha kanga. Honorata aliondoka Oktoba themanini na tatu, kwenda Taveta, ng'ambo ya mpaka, kutafuta sabuni na vitenge, wakati ule wa msako wa wahujumu uchumi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Hakurudi. Hakuna aliyeleta habari. Kule Mamba wameshamsomea misa ya marehemu, mama mwenyewe alikataa kwenda.

"Aliyemchora amemwona," akasema. "Nionyeshe ni nani."

Nikasema ni mume wangu. Kwa nini nilisema? Nikasema leo yuko safarini, rudi Jumamosi ijayo. Uongo. Alikuwa nyumbani anaandika CHAI NA CHAPATI.

Nilipomweleza Vitus alikalia ubao uliokuwa na rangi mbichi. Hakuhisi. Ameinuka na neno CHAPATI nyuma ya suruali, na sikuweza kucheka.

Jumapili, 15 Machi

Hakupokea komunyo. Nimepokea peke yangu nikiwa na hasira ya kumtosha mtu kuungama mwaka mzima. Baada ya misa nikamwuliza kule kwenye mashamba ya katani, hapakuwa na mtu. Ulikuwa naye?

Akasema hapana.

Natamani angesema ndiyo. Hawara ningemlilia, nikamtukana, nikasamehe au nikaondoka. Lakini hili!

Walikuwa wanne, wakirudi kutoka Taveta kwa miguu, nyika ya upande wa Ziwa Jipe. Wanaume watatu na Honorata. Vitus alikuwa amebeba rangi na brashi, kwa ajili ya kazi hii. Yetu. Tulikuwa tumeshachumbiana, na nilikuwa nimemwambia bila rangi ya mafuta hatuanzi. Jioni Honorata akatumbukia kwenye korongo, mguu ukavunjika. Wakaona vumbi la gari la doria. Wawili wakakimbia. Vitus akamvuta chini ya mti wa miiba, akamwachia chupa ya maji, akamwambia nafikisha mzigo, nakuja na watu. Akaondoka. Honorata akamwita. Akageuka, akamwona amegeuza shingo hivyo hivyo.

"Niliweza kumbeba yeye au rangi," akaniambia. "Nikabeba rangi."

Alifika Same, msako umepamba moto, watu wanakamatwa barabarani. Akasema nitakwenda kesho. Kesho yake hivyo hivyo. Alikwenda siku ya tisa. Chini ya mti hapakuwa na kitu. Si nguo, si mfupa, si chupa. Fisi, au watu wema, au doria – hajui. Mpaka leo hajui kama aliua.

Tumerudi mjini kila mmoja upande wake wa barabara.

Jumatano, 18 Machi

Nimeanza Bikira Maria. Nimeweka shela ya buluu, mikono, mtoto. Uso ulipotoka ulikuwa na mwanya.

Nimefuta. Nikaanza tena na picha ya kalenda pembeni, nikiiga mstari kwa mstari. Ni yeye. Mara ya tatu nikaweka midomo imefungwa kabisa, na bado ananitazama kama mtu anayesubiri nimalize kufunga mzigo. Vitus amegeuza ubao ukutani. Hatuli pamoja.

Nikawaza: akisema, polisi watamwita. Da Salama atalishusha bati. Nani atataka jina lake liandikwe na mkono ule? Na mimi nitarudi kwa mwalimu mkuu, nimesimama kama mtoto aliyechelewa. Basi nikasema, mimi niliyefundisha watoto miaka saba wasidanganye: mama akija, sema umebuni tu. Sema umeota.

Vitus akaniangalia. Akasema, na wewe pia umebeba rangi.

Akarudi kwenye herufi zake.

Jumamosi, 21 Machi

Saa tatu asubuhi. Mama Honorata amekuja na lori la kwanza. Amevaa kitenge cha kanisani. Amemletea Vitus tangawizi, imeoshwa, imefungwa vizuri, na kuku. Amesema ni shukrani, kwa sababu miaka mitatu na zaidi alikuwa ameanza kuusahau uso ule, alikuwa anakumbuka sauti tu, na sasa amerudishiwa. Anataka kujua mambo mawili: alimwona wapi, na alikuwa amenenepa au amekonda.

Vitus alimwamkia. Akaishika mikono yake yote miwili. Nikaona midomo inacheza, nikadhani anasema. Kisha akasema anakwenda kuchukua mafuta ya taa.

Kopo la mafuta ya taa liko hapa, limejaa.

Saa tano. Hajarudi. Nimetoka mpaka barabara kuu. Mwuza karanga anasema amemwona anapanda basi la Mombo, bila mzigo. Nilirudi nikasema kuna foleni. Mama akanijibu hana haraka, amezoea.

Saa saba. Nimejificha nyuma ya pazia, nasema napika chai, naandika. Nimejaribu ule uongo. Nilimwambia, mama, aliyechora ni mimi, ni sura ya kubuni. Hakukasirika. Akauliza kwa upole kabisa: "Basi kwa nini unalia, mwalimu?" Sikujua kama nalia. Sijui nani amemwambia mimi ni mwalimu.

Siri hii ni ya Vitus, si yangu kuisema. Hivyo ndivyo nilivyojishikilia tangu asubuhi. Lakini rangi niliiagiza mimi.

Namwona mama kwenye upenyo wa pazia. Kuku amelala miguuni pake, amefungwa. Mama ameniita sasa hivi, mara moja tu, kwa jina langu. Halafu amesogea kwenye benchi mpaka ukutani na kupangusa nafasi kwa kiganja, nafasi ya kukaa mtu mmoja.

Chai imechemka. Naenda kukaa, nimwambie. Sijui neno la kwanza ni –