Kohozi Nililopeleka Halikuwa Langu

Kwako mshauri wa gazeti, pokea salamu zangu, na baada ya salamu nataka unisaidie, ingawa mimi si mtu wa kuombaomba, ukiuliza mtaani kwetu watakwambia mzee yule huombwa yeye. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, shule niliiacha mapema, mkono umezoea sindano kuliko kalamu, kwa hiyo maandishi yakikushinda mpe mwenye macho akusomee. Mimi ni fundi wa magodoro na mito, ya sufi na ya pamba, siyo haya ya sponji yanayobonyea kabla hata bwana harusi hajazoea kitanda. Godoro langu mtu hulilalia mpaka akawarithisha wanawe. Wamekuja mafundi na mashine zao wakafunga wakaondoka, mimi nipo. Na tangu nizaliwe sijawahi kumeza kidonge, jino lilipouma nililing'oa mwenyewe kwa uzi wa kushonea, na wenzangu huniita Kifua Chuma, jina hilo sikujipa.

Basi ni hivi. Nyumbani tupo wanne, mimi, binti yangu wa mwisho, mumewe na mtoto wao mchanga, mke wangu alishatangulia. Mkwe wangu huyu nafanya naye kazi, ni mtu wa miraba minne, robota la pamba ambalo wengine hulikokota wawili yeye hulibeba peke yake huku anapiga mluzi, na watu wakimcheka ati ameolewa yeye kwa kuwa anakaa kwa baba mkwe, mimi nawaambia acheni wivu, wakwe zenu hata msumari hawajui kuugongelea. Karakana yetu ni chumba kimoja, na kazi ya sufi haitaki upepo, ukifungua dirisha kidogo tu sufi yote inapaa, inakwenda kukaa kwenye nguo za jirani zilizoanikwa na matusi yanaanza, kwa hiyo tunafunga madirisha, chini ya mlango tunaweka gunia, tunachambua mimi na yeye uso kwa uso kutwa nzima. Vumbi lake linakohoza, kila fundi anajua, baba yangu alikohoa na babu yangu alikohoa, kwa hiyo nilipoanza kukohoa mimi sikushtuka, jasho la usiku nikasema ni blanketi, nguo kunipwaya nikasema ni uzee.

Binti yangu alipojifungua ndipo aliponigeuka. Nilinyoosha mikono nimpokee mjukuu wangu, akamvuta kwake, akasema, "Baba, nisamehe, lakini humshiki mpaka ukapime hicho kifua." Nikamwambia, "Wewe nilikushika siku uliyozaliwa, nani alinipima?" Akasema, "Siku hizo ulikuwa hukohoi hivi." Nikanuna, nikasusa chakula, hakubadilika, mkaidi kazaa mkaidi mwenzake. Nikaenda zahanati. Nesi akanipa kikopo chenye kifuniko, akasema kesho asubuhi nikohoe kutoka chini kabisa ya kifua, nisitie mate, nimletee.

Sasa hapa mshauri nakwambia kweli, niliogopa. Siyo kufa, kufa naogopa nini umri huu, niliogopa lile jina, maana likishasemwa kwamba fundi wa mito ana kifua kikuu, ni nani atakayelaza kichwa chake juu ya mto niliojaza mimi? Asubuhi nikamwita mkwe wangu uani, nikamwambia, "Hebu nikoholee humu." Akacheka mpaka akashika ukuta, "Baba na wewe! Hata kohozi la kuazima?" Nikamwambia, "Changu leo kimekauka, na wewe kifua chako kizima kama ngoma mpya, nisaidie nipate ruhusa ya kumshika mtoto." Akakohoa, akatema, akafunga kifuniko, akakifuta kikopo kwa shati lake, akanipa kwa mikono miwili, maana ana adabu yule.

Kumbe! Majibu yalipotoka nesi alinivuta pembeni akaniambia, "Mzee, kohozi lako lina vimelea vya kifua kikuu." Nikasema haiwezekani, mashine yenu mbovu. Akasema, "Mashine haina ugomvi na wewe, mzee wangu." Nikakaa kwenye benchi, na hapo ndipo niliyaona yote niliyokuwa siyaoni, mkanda wa mkwe wangu aliokuwa ameutoboa tundu jipya kwa sindano yangu, mluzi ambao haupigi tena, kikohozi chake ambacho nilikuwa namtania kwamba ananiiga mkubwa wake. Nesi akaniuliza naishi na nani, nikamwambia peke yangu. Akauliza mara ya pili nikamjibu vilevile. Akanipima uzito, akanipa vidonge, akasema ni vya miezi sita na nisiruke hata siku moja. Nyumbani binti yangu ananingoja mlangoni, "Wamesemaje baba?" Nikasema, "Vumbi la sufi." Akamshukuru Mungu, akaniwekea mtoto mikononi.

Lakini mimi si mtu wa kukosa akili. Nikaona dawa ni zake, basi azile yeye. Nikawa nampa mkwe wangu kila asubuhi tukifika kazini, namwambia ni dawa za kuongeza nguvu za kubebea marobota, na yeye anameza, "Ahsante baba." Siku chache hazijapita akanifuata nyuma ya karakana macho yamemtoka, "Baba, nakojoa kama maji ya tofali." Nikamwambia ndiyo nguvu inaingia hiyo. Akanitazama sana. Tangu hapo alikuwa anapokea, anaweka mdomoni, anakunywa maji, nami nikajua mambo yanakwenda, mpaka juzi nilipokuwa nachambua sufi ya mto wa mteja nikagusa kitu kigumu, nikatoa kidonge, nikatoa kingine, vimejaa. Alikuwa akivitema na kuvichomeka humo. Nikimuuliza nitamuuliza nini?

Na mtoto, mshauri. Mtoto alikuwa na mashavu, sasa hana. Halii kwa nguvu, ananung'unika tu kama mzee. Binti yangu alimpeleka kupima uzito, nesi wa watoto akatazama kadi, akamuuliza kama nyumbani kuna mtu anayekohoa muda mrefu au anayetumia dawa za kifua kikuu, na yeye akajibu hakuna, baba yangu alipima na ni vumbi tu. Alinisimulia hivyo akiona ananitetea. Wakamwambia amnyonyeshe zaidi. Mimi nikaenda kukaa chooni.

Sasa wiki ijayo natakiwa nipeleke kohozi tena waone kama dawa imefanya kazi. Nikipeleka la mkwe wangu watakuta ugonjwa bado upo, na hata nikimwomba sidhani kama atakohoa tena kwa ajili yangu. Nikipeleka langu sijui watakuta nini, kwa sababu mimi bado nakohoa. Nikisema kweli, binti yangu hatanisamehe, mkwe wangu ataondoka, na kazi ya maisha yangu yote itakufa. Nimewahi kushona godoro la watu wanne likapita mlango mwembamba bila kukunjwa, lakini hili mlango wake siuoni. Niambie tu, nipeleke kohozi la nani? Jina langu usiliandike, ingawa najua wenye akili watanijua kwa sifa zangu.

Ni mimi fundi wa magodoro.

*

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo mzee wangu. Nakuamkia kwanza, kwa sababu yanayofuata hayana adabu ya kutosha.

Peleka lako. Mkwe wako apeleke lake. Kila kifua na kikopo chake, na swali ulilouliza limeishia hapo. Yaliyobaki ni yale ambayo hukuuliza.

Nimeielewa hofu yako. Mtu aliyekula jasho la mikono yake maisha yote, kuambiwa kwamba mikono hiyo inaogopwa, si jambo dogo. Lakini uliogopa kitu kisichokuwepo. Kifua kikuu hakipiti kwenye mto, wala sahani, wala kwa kushikana mikono. Kinapita hewani. Mwenye nacho anakohoa, anaongea, anacheka, vimelea vinaelea, na aliye karibu anavivuta. Chumba kikiwa wazi upepo unavipeleka. Chumba kikifungwa, na chini ya mlango kukawekwa gunia, vinabaki pale pale mchana kutwa vikiwangoja nyinyi wawili. Wateja wako hukuwadhuru. Uliyemkalia uso kwa uso ndiye wa kumhofia, na usipoteze muda kutafuta nani alimpa nani. Sijui mimi, na hata daktari huenda asijue.

Vumbi la sufi linakohoza, ni kweli. Lakini vumbi halitoi jasho usiku wala halitoboi mikanda ya watu. Kikohozi kikipita wiki mbili, pamoja na kukonda na jasho, hakikisiwi na fundi, hakikisiwi na mimi, wala hakikisiwi na daktari kwa kumtazama mtu usoni. Ndiyo maana kuna kikopo. Kikopo kile kilikuwa kinauliza swali kuhusu kifua chako, nawe ukajibu kwa kifua cha mwenzako. Mpaka leo hakuna anayejua una nini wewe. Hilo unalo bado, mzee, halijapimwa.

Na hizo dawa. Hapo umenikasirisha hasa. Ulipimwa uzito wewe, mzee uliyekonda, ukapewa vidonge vya uzito wako, ukaenda kumpa mtu wa miraba minne. Havikumtosha hata kama angevimeza vyote. Kisha mkojo ukabadilika rangi. Ile ni rangi ya dawa yenyewe, nesi angemwambia mapema wala asingeshtuka, lakini wewe ukamdanganya, akaona anawekewa kitu. Ungekuwa wewe usingetema? Dawa ya kifua kikuu ikiliwa nusunusu, vimelea vinavyobaki vinaweza kuizoea. Vikishaizoea, matibabu yanakuwa magumu na marefu zaidi, na yule anayevivuta kutoka kwake anavipata vikiwa vimeshazoea. Unajua ninamsema nani.

Mkwe wako ana haki ya kujua anaumwa nini. Mwambie leo, mbele ya mkewe, siyo nyuma ya karakana. Usianze na sababu zako. Sema: kohozi lile lilikuwa lako, walikuta kifua kikuu, nikakuficha. Kisha nyamaza. Akipiga kelele nyamaza. Binti yako akilia nyamaza. Huenda akakuambia maneno ambayo baba hapaswi kuambiwa na mwanawe. Yapokee. Siwezi kukuahidi kwamba atakusamehe, si kazi yangu hiyo na wewe hukuniandikia kwa ajili ya hiyo.

Mkitoka hapo nendeni zahanati wote wanne, siku hiyohiyo, msingoje wiki ijayo. Chukua vidonge vyote, na vile vya kwenye sufi pia, wavione wajue ni vingapi havikuliwa. Waambie kila kitu kilivyokuwa. Nesi atakufokea. Fokewa. Hawafungi mtu kwa kosa hilo, watarudi mwanzo, watampima mkwe wako upya kuona ni dawa gani inamfaa, watakupima wewe, watampima binti yako. Mkianza dawa inayofaa na mkaimeza kila siku mpaka mwisho, ugonjwa huu unapona, watu wengi wamepona na wako kazini. Na mpaka waseme mmekuwa salama kwa watu, mtoto asilale chumba kimoja na mkwe wako wala asikae mikononi mwako, hata akilia. Najua hilo ndilo litakalokuuma kuliko yote. Karakana fungua madirisha. Wewe unajisifu kwamba ni fundi, basi shona chandarua ukitege dirishani kizuie sufi na kipitishe upepo. Jirani akitukana, mwombe radhi.

Nimebakiza mtoto.

Mtoto mchanga hakohoi akatema, mzee wangu. Hana kohozi la kukupa kwenye kikopo. Na ugonjwa huu ukimpata, hauonekani kwake kama unavyoonekana kwa mkubwa. Anapungua, ananyong'onyea, analia kidogo, na mama anaambiwa amnyonyeshe zaidi. Wapo madaktari wenye njia za kumpima, lakini njia hizo zinaanza na lile swali aliloulizwa binti yako: nyumbani kuna nani? Yeye alijibu kwa ukweli aliokuwa nao, na ukweli huo alikuwa ameupata kwako. Pengine mtoto hana ugonjwa huu, ana jambo jingine. Hatujui, na tutaendelea kutojua mpaka wewe ufungue mdomo. Kwa watoto wa umri wake ugonjwa huu unakwenda mbio, unaweza kupanda mpaka kichwani, na ukifika huko hata akipona huenda asiwe kama alivyokuwa.

Barua yako ilikaa njiani, ikakaa na mezani kwangu chini ya barua nyingine, na gazeti nalo lina siku yake ya kutoka. Kwa hiyo sijui mtoto yuko katika hali gani unaposoma hapa, na sitakudanganya kwamba mmewahi. Weka gazeti chini. Wakikukaribisha mezani pale zahanati usianze na habari ya kikopo wala ya jina lako mtaani. Anza na mtoto. Sema, "Huyu anaishi na mimi." Maswali mengine watakuuliza wao.