Mpunga wa Ijumaa ya Jiwe

Mombasa, 6 Mei 1957

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Idi imepita salama huku shuleni, nami sina baya ila kukohoa kidogo kwa vumbi la chaki. Je, goti lako? Na Baba, hajambo? Maji ya mto yamefika wapi mwaka huu?

Mama, kaa kitako kwanza. Mwalimu wetu wa hesabu ametueleza jambo darasani mpaka kalamu ikanitoka mkononi. Wataalamu wa nyota huko Ulaya wameona jiwe angani, kubwa kama mlima. Linazunguka jua kama dunia yetu inavyozunguka, na njia yake inaikata njia yetu. Wamepiga hesabu, wanasema Ijumaa tarehe 31 mwezi huu litatukaribia sana, na huenda likatugonga. Nikamuuliza, "Huenda kiasi gani, Mwalimu?" Akajibu, moja katika hamsini.

Moja katika hamsini, Mama! Hebu zihesabu nyumba za hapo Kau, kisha uniambie kama hilo ni jambo la kulala nalo.

Wasomee na majirani. Niombeeni, nami nawaombea.

Mwanao,
Athman

Mombasa, 14 Mei 1957

Mama yangu,

Shikamoo, na natumai nyote wazima. Sikungoja jibu lako kwa sababu nina habari njema: jiwe halitugongi!

Ile hesabu ya kwanza ilitokana na siku nne tu za kulitazama. Mwalimu anasema ni sawa na kumwona mtu wa mtumbwi kule mbali kwenye kona ya mto. Hujui kama atatia nanga kwako au atapita. Ukishamwona akipiga kafi mara kadhaa, unajua. Sasa wataalamu wamelitazama jiwe kwa siku nyingi zaidi, nao wameona kwamba litapita mbali, mbali hata kuliko mwezi. Ile moja katika hamsini imekuwa sifuri.

Mwalimu alicheka aliposikia nimeshawaandikia. Mimi sikucheka. Waambie upesi wote walioisikia barua yangu. Utingo wa basi ameniahidi kuifikisha hii Garsen kesho kutwa.

Mwanao,
Athman

Kau, 21 Mei 1957

Mwanangu Athman,

Salamu nyingi zikufikie. Goti langu ni lile lile, babako hajambo, na kikohozi chako kitie tangawizi. Mto umefura mwaka huu. Umekata kamba ya kivuko cha Garsen, na tangu barua yako ya tarehe sita hakuna iliyovuka. Hii naipeleka kwa chombo kinachotoka Kipini.

Barua yako niliisoma barazani, watu wamejaa. Mishi wa jirani alikuwa ameshika kikombe, chai ikamwagika yote asijue. Mwanangu, umetutia hofu ambayo sijaiona tangu nizaliwe.

Babako ndiye aliyesimama wa kwanza. Alisema balaa kama hili haliondoshwi kwa kuchinja kuku. Sadaka itoke katika kilicho bora, kile ambacho mtu kukitoa kunamuuma. Na hapa kwetu kilicho bora ni kipi? Ni mbegu za mpunga, zilizotundikwa juu ya jiko zikapata moshi tangu mavuno. Basi wote wamekubali. Kila nyumba itateremsha mbegu zake zitwangwe, na Ijumaa hiyo watu wote watalishwa. Kule kijiji jirani cha Tarasaa wamesikia, nao wanafanya vivyo hivyo.

Hata Huka amealikwa, yule Muorma ambaye ng'ombe wake walikanyaga konde letu mwaka jana hata kisibaki kitu. Babako anasema sadaka haichagui mtu. Mimi nimpikie Huka? Labda jiwe liangukie sufuria kwanza.

Nilitaka kukwambia uje tufe pamoja, lakini utapita wapi na maji haya? Kaa huko. Radhi zangu unazo zote.

Mamako,
Tuneya

Mombasa, 30 Mei 1957

Mama! Msile mbegu!

Barua yako nimeipata leo Alhamisi adhuhuri. Je, yangu ya tarehe 14 haikufika? Jiwe halianguki. Limeshajulikana kuwa halianguki! Nimekwenda kituo cha basi, wanasema magari bado yanakwama Garsen. Nimekwenda bandarini, hakuna chombo cha leo. Nimekwenda posta kuuliza simu, karani akaniuliza Kau iko wapi.

Kesho ndiyo Ijumaa. Najua karatasi hii haitawahi. Naiandika tu kwa sababu sijui mikono yangu niifanyie nini.

Mwanao,
Athman

Kau, 12 Juni 1957

Mwanangu Athman,

Sisi wazima sote, hata paka. Barua zako mbili zimefika jana kwa pamoja, baada ya kivuko kutengenezwa. Niliisoma ile ya tarehe 14 kwa sauti. Nilipofika penye sifuri, nikaiweka chini.

Maana tumekula, mwanangu. Tulitwanga siku mbili mpaka mchi ukamtoa Mishi malengelenge. Ijumaa tukapika wali kwa tui, watu wakala huku wakiombana radhi. Babako na nduguye Kassim, ambao hawakuwa wakisemezana, walikula sahani moja. Ilikuwa siku njema, sikufichi. Baada ya sala tukakaa tukitazama juu. Likapita wingu. Jua likatua.

Jumamosi tukaamka hai, tukakumbatiana. Kisha tukatazama kondeni. Maji yameanza kushuka, tope jeusi limelala linangoja kupandwa, na juu ya jiko hamna kitu. Kassim akauliza, "Sasa tutapanda nini, masufuria?" Babako alikaa kizingitini kutwa nzima, nikadhani amepatwa na kiharusi. Ya Tarasaa nilishakwambia, nao walikuwa wamekula zao. Nilikuona mtoto mbaya siku ile, Athman. Nililia kwa hasira juu yako.

Sasa sikiliza. Siku ya sadaka Huka alikuja kweli, nami nilimgeuzia mgongo. Sikumpikia. Babako alikuwa ameamuru boma zima la Huka lipate fungu lake, basi nikambwagia gunia la mpunga mbichi, na maganda yake, nikamwambia akahangaike nalo na mkewe Kadii. Akalipakia juu ya punda akaenda zake. Nikafurahi kwamba nimemkomoa.

Jumanne ya wiki jana namwona anakuja na punda yule yule, na gunia lile lile, kamba haijafunguliwa. Akasema, "Mama Athman, mimi naleta mpunga yako. Wewe napatia wote wali, mimi peke yangu napatia mbichi. Mimi nasema, huyu mama nataka mimi naweka. Kitu ya kuweka, mtu hapana kula."

Mwanangu, yule mtu alidhani nimempa amana! Katika watu wote nimemwamini yeye! Nikamkorogea chai kwa mkono wangu, naye akanywa. Ukweli sikumwambia, na wewe ukija usimwambie.

Gunia moja halitoshi makonde yote. Tunapanda konde moja, la sote. Wa kuzuia ng'ombe wasiliingie ni Huka mwenyewe.

Mamako,
Tuneya

Kau, 20 Oktoba 1957

Mwanangu Athman,

Salamu kwako na kwa wenzio. Goti langu limepoa. Barua yako ya kutaka kuacha shule babako aliisoma, akaikunja, akasema, "Mwambie akae huko huko mpaka aijue hesabu iliyokwisha inafananaje." Hasira zetu zimekwisha, nawe usijitese tena.

Tumevuna. Si mengi. Nyumba zote zimetundika mbegu zake tena juu ya jiko, na kilichobaki hakifiki mwezi. Mpaka msimu mwingine tutakula ndizi na samaki, na maziwa ya Kadii, ambaye huja na kibuyu kila Ijumaa na kuniuliza kama kuna kitu kingine nataka anitunzie.

Humu ndani nimekutilia punje za mpunga mpya, uziweke kwenye meza yako ya kusomea. Usizile.

Mamako,
Tuneya