Tumbako ya Uvira

Cibitoke, Bujumbura, Juni 1998

Mwavita, dogo wangu,

Mi niko. Risasi zimenyamaza kidogo, na muchele wa Buterere umeanza kufika tena sokoni. Tumbako uliyomupa dereva Landry nimeipata. Inanukia kama shamba la mama yetu.

Lakini sielewi tena kitu. Kile kidonda cha ndani ya shavu, kisichouma wala kupona, nilijua ni sumu nimelishwa. Na nani kama si jirani yangu Daphrose? Watu wake na watu wetu wanaogopana tangu vita ianze. Kila asubuhi ananiletea uji, anaonja kwanza mbele yangu ili nisiogope, na akishatoka mi naumwaga.

Ni yeye huyo aliyenivuta mpaka kwa muganga. Muganga akaangalia mudomo wangu, akauliza tumbako naiweka upande gani. Nikamuonyesha. Ni palepale penye kidonda. Amekata kanyama kidogo akapime, anaogopa ni kansa. Akasema kidonda cha mudomo kikipita majuma mawili bila kupona, mutu asingojee mpaka kianze kuuma.

Sasa nimukasirikie nani? Tumbako ni wewe umenitumia, myaka yote hii, kwa mapendo. Usitume tena, Mwavita, na usilie. Hukujua, hata mi sikujua.

Leo Daphrose alipoinua kikombe ili aonje, nilimushika mukono. Nikakichukua, nikanywa wa kwanza.

Yaya wako anayekuwaza,
Mirindi