Sauti ya Mwenye Nyumba

Chumba cha mbele,
Nyumba ya Babu.
17 Mei

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, mguu umeuweka juu ya kigoda kama daktari alivyokuagiza, wala hujauteremsha ili ukamfokee mtu jikoni. Goti linaendeleaje? Usiniandikie tena "afadhali". Niandikie kama sasa unapanda ngazi kwa kupokezana miguu, au bado unapanda kama mtoto, unasimama kila kidato. Na mume wako amepata miwani, au angali analisogeza gazeti mbali mpaka mikono inaisha?

Sisi huku hatujambo. Mafua yalinishika mwanzoni mwa mwezi, yakaniachia tarehe 8. Paa la upande wa barabara limezibwa. Nilisimama chini ya ngazi nikihesabu misumari, mpaka fundi akaniuliza kama kila msumari nitaufungulia jalada.

Barua yako niliipokea tarehe 9. Umeandika mistari sita, na wa tano ndio wenye uzito: watu wa ofisi watoke vyumba vya nyuma kufikia mwisho wa Juni, muuza vipuri aingie tarehe mosi Julai. Niliisoma, nikaikunja, nikaikunjua nikaisoma tena. Jibu lako limo humu. Ila unanijua, wewe ndiye uliyenibandika jina la Daftari nikiwa na miaka tisa. Siwezi kulifikia jambo bila kupitia tarehe zake.

Tarehe 3 Machi tulipata taarifa ofisini kwamba ruzuku ya kodi inafika ukingoni tarehe 30 Juni. Ni ile iliyoanza baada ya mafuriko, ambapo serikali ilikuwa ikilipa nusu ya kodi kwa familia zilizopoteza makazi kule bondeni, nazo zikilipa nusu. Kwenye orodha yangu zimebaki familia ishirini na tatu. Mkuu wangu aliniagiza niandike barua za kuwaarifu, nipige mhuri, kisha nifunge majalada. Mimi mwenyewe kuanzia Julai nahamishiwa masjala, kutunza makaratasi yasiyouliza swali. Barua niliziandika zote. Lakini nilizipeleka kwa mkono, maana karatasi ya namna ile haifai kumkuta mtu akiwa peke yake.

Nilianza kwa fundi baiskeli. Aliisoma, akajifuta grisi vidoleni, akaniuliza, "Sasa Bi Karani, mwenye nyumba wangu ni nani, nikazungumze naye?"

Miaka mitatu anakaa pale na hamjui! Jioni ile nilifungua shajara yangu ya mwaka wa kwanza wa ruzuku, nikakuta mwandiko wangu mwenyewe, umepigiwa mstari mara mbili: "Wapangaji waelekezwe wasiwasumbue wenye nyumba. Kila jambo lipitie ofisini." Huo utaratibu hakuutunga mkuu wangu, Shangazi. Niliutunga mimi. Nilidhani nawaepusha watu na ugomvi, kumbe nilikuwa nawafundisha kutojuana. Sasa ofisi inaondoka na kuwaacha wakitazamana kama abiria waliokutana kituoni. Mwenye nyumba anamjua mpangaji wake kwa namba ya jalada tu, na namba haiugui wala haina mtoto shuleni. Kuifukuza ni rahisi. Wewe mwenyewe hupenda kusema asiyekujua hakuthamini.

Basi nikaamua. Kabla ya tarehe 30 Juni, kila mpangaji wangu awe ameketi uso kwa uso na mwenye nyumba wake, nami niwepo kuandika watakachokubaliana. Mkuu alisema hilo halimo katika majukumu yangu. Nikamjibu kwamba saa kumi na nusu nikishatoka kazini, majukumu najipangia mwenyewe. Alinitazama, akarudi kwenye chai yake.

Tarehe 11 Machi nilimpeleka fundi baiskeli kwa mwenye nyumba wake, mzee mmoja ambaye watu humwita Mzee Kufuli, kwa kuwa kila mlango wake una kufuli mbili. Alifungua ya kwanza, akachungulia, akamwona fundi.

"Wewe tena? Baiskeli si umenirudishia juzi?"

"Nimekuja kumwona mwenye nyumba wangu, Mzee."

"Basi nenda kwake! Mimi unanigongea nini?"

Ikabidi niingilie kati nimwambie kwamba mwenye nyumba mwenyewe ni yeye. Mzee alimkodolea macho fundi kama mtu aliyerudishiwa mkoba wake uliopotea.

"Kumbe wewe ndiye Kumi na Nne?"

"Na wewe ndiye uliyekataa kutengeneza bomba?"

"Nani kakataa? Mimi sijaambiwa!"

Ni kweli, hakuambiwa. Ombi la bomba lilikuwa katika trei yangu, limepigwa mhuri vizuri kabisa. Niliwaeleza hivyo hivyo, sikujitetea. Walinicheka wote wawili mpaka kufuli ya pili ikafunguliwa, tukakaribishwa ndani. Mkataba wao sasa ni wa miaka miwili: kodi imeteremshwa, na fundi anashughulikia bomba, milango, na ile baiskeli ya Mzee mpaka itakapokufa kifo chake.

Usidhani wote wamekuwa wepesi hivyo. Mama mmoja mfua nguo amekubali kubanana katika chumba kimoja badala ya viwili, katika ua ule ule, ili watoto wasihame shule. Kinyozi amemchukua shemeji yake wachangie pango, na tayari wanagombania kioo. Mpagazi wa sokoni tulimkosa kabisa. Mwenye nyumba wake alitusikia mara tatu na mara tatu hakufungua, kisha akawatoa kabla ya muda, na familia nzima ya watu sita sasa inalala ukweni. Ukurasa wake sijaufunga. Kuna familia nyingine moja kama hiyo. Kumi na saba wamekwisha kutia saini. Wanne wamebaki, na wa mwisho katika hao wanne wako humu ndani mwetu.

Unawaita "watu wa ofisi" kwa sababu mimi ndiye niliyekuzoesha. Kila uliponipigia simu ukauliza vyumba vya nyuma vikoje, nilikujibu "ofisi imelipa", tukahamia kwenye goti. Hata siku moja sikukueleza wanaokaa humo ni akina nani. Kosa nililolifanya kwenye nyumba za watu nilikuwa nimelianzia kwetu.

Ngoja nikueleze sasa. Ni fundi cherehani, na mtaa mzima humwita Vifungo, kwa kuwa hawezi kupita kifungo kimelala chini asikiokote. Anaishi na mama yake mzazi, ambaye macho yalimwishia mwaka ule wa mafuriko. Bibi huyu ameisoma nyumba yetu kwa miguu. Kitandani hadi mlangoni ni hatua tano. Mlangoni hadi bombani, kumi na moja. Kutoka bombani kuna kamba mpaka bafuni, na penye kizingiti Vifungo ameipiga mafundo mawili ili mkono ujue kabla ya mguu. Kwa mujibu wa shajara yangu ilimchukua miezi saba kuacha kuanguka. Leo anajichotea maji, anaanika nguo, na lango likilia tu anajua aliyeingia ni nani. Hata lile paa, yeye ndiye aliyeniambia linavuja. Alisikia tone likidondoka chumbani kwangu, mimi nimekaa humo humo naandika.

Tarehe 10 Mei nilivuka ua nikawasomea mstari wa tano wa barua yako. Vifungo alisimamisha cherehani, akaweka mkono juu ya gurudumu. Mama yake ndiye aliyesema.

"Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Haya, moyo ninao. Lakini miguu yangu imesoma darasa hili moja tu, mwanangu. Nianze shule nyingine kwa umri huu, nitavaa sare ya saizi gani?"

Akacheka. Hatukumfuata. Kisha akageuza uso upande wangu.

"Huyo mwenye nyumba ana sauti gani?"

Nikasema ni kali kidogo.

"Kali ya pilipili au kali ya kisu?"

Shangazi, swali hilo ni lako, si langu. Nimeishi naye ua mmoja miaka mitatu, anatambua hata kikohozi cha muuza maji, lakini sauti ya mwenye nyumba wake hajawahi kuisikia.

Sasa jibu langu. Vifungo amepata kazi ya kushona mashuka ya hospitali, na karatasi ya kazi hiyo nimeiona kwa macho yangu. Anaweza kulipa kodi nzima bila ruzuku, kila baada ya miezi mitatu, na anaomba mkataba wa miaka miwili. Muuza vipuri atakupa ya mwaka mzima kwa mkupuo, hilo sibishi. Ila alikuja Jumatano na tepu ya kupimia, na nilipomuuliza anapima nini, akasema atavunja ukuta kati ya vyumba viwili apate pa kupitisha injini. Ule ukuta Babu aliujenga kwa mikono yake, na ndio unaoshikilia boriti ya katikati. Nilimsindikiza langoni na tepu yake. Nimemwambia asubiri neno lako, na asilitafute kwangu.

Najua mkupuo ule umeupangia upasuaji, na sitaki hata kidogo goti lako lisubiri kwa ajili ya huruma zangu. Nimekaa na kaka yangu tarehe 13. Malipo ya kwanza ya hospitali tutayabeba sisi wawili, tarehe uliyopewa na daktari isisogee. Kaka amenung'unika, kisha amekubali, kisha amenung'unika tena. Unamjua. Lakini saini yake ninayo.

Jumapili tarehe mosi Juni, saa kumi alasiri, simu yangu itakupigia. Ukisikia sauti usiyoijua, usikate. Atakuwa Vifungo, na baada yake mama yake. Mimi sitakuwepo chumbani. Nitakuwa nje langoni, na daftari nitaliacha mezani.

Ukishawasikiliza, na neno lako likabaki lile la mstari wa tano, nitalitii, maana nyumba ni yako. Cherehani nitaibeba mimi kichwani, na Bibi nitamshika mkono nimhesabie hatua za mahali pengine mpaka azishike. Lakini neno hilo utamwambia wewe kwa mdomo wako. Mimi sitalipeleka. Nimepeleka maneno ya watu miaka mitatu, na umeona yalikoishia.

Nisalimie mume wako, na umwambie miwani si aibu. Nisalimie binamu zangu pacha, Mkubwa na Mdogo, na mke wa Mkubwa ambaye bado anadai barua yangu ya tangu Januari. Yake inafuata hii. Kaka anakuamkia, na wifi, na fundi wa paa ambaye anataka ujue kwamba misumari ilitimia.

Mungu akuongoze ngazini, akupe na usingizi usiokatizwa na maumivu. Bibi wa vyumba vya nyuma aliniuliza tena asubuhi hii kuhusu sauti yako. Nimemwambia sisemi kitu, Jumapili hiyo atajisikilizia mwenyewe.

Wako akupendaye, hata ukininunia,

Daftari