Nani wa Kuanza Utani

Etterbeek, Ubelgiji, 11 Oktoba 2010

Wifi yangu Imelda,

Salamu kwako, kwa mama na kwa wote hapo Iringa. Mguu wa mama unaendeleaje? Sisi wazima, ila baridi imewahi mwaka huu na kaka yako Marcel ameshaanza kuvaa makoti mawili. Mhehe gani huyo anayeogopa baridi.

Wifi, nimeharibu. Unakumbuka lile shirika letu linalokutanisha Waisraeli na Wapalestina waliofiwa? Safari hii tunao wawili. Dalia anatoka Haifa, kaka yake aliuawa na bomu ndani ya basi. Mzee Nabil ni fundi ujenzi kutoka kijiji cha karibu na Bethlehemu. Mkewe alizidiwa, gari lao likazuiwa na wanajeshi kwenye kizuizi, akafia hapo hapo barabarani. Walikuwa wazunguke shule za hapa pamoja, kisha warudi kwao wakafanye hivyo hivyo, kila mmoja kwenye shule za upande wa mwenzake. Kazi hiyo tumeihangaikia miaka mitatu.

Jumamosi niliwaalika kwangu, nikapika wali na kuku. Nikawasimulia vile Wangoni na Wahehe walivyopigana zamani, na leo ni watani, tunaitana mateka na hata kuoana. Nikawaeleza msiba wa mzee mwaka jana, ndugu yangu Rodgers alivyojilaza kaburini akakataa kutoka mpaka apewe mbuzi. Walicheka sana. Kichwa kikavimba. Nilipofika kupakua nikamwambia Nabil, "Wewe mateka, sahani yako inasubiri kibali cha Dalia."

Wewe ningekwambia hivyo ungenirushia mwiko. Nabil aliweka uma mezani, akachukua koti lake, akaondoka. Sasa Nabil amemwambia mkubwa wetu, Hilaire, kwamba anataka kurudi kwao. Akiondoka yote yamekwisha, na aliyeyamaliza ni mimi. Nilidhani nimewapa kitu kizuri cha kwetu. Naona aibu mpaka chakula hakipiti.

Wifi yako,
Veronica


Iringa, 14 Oktoba 2010

Wifi Veronica, mateka wetu mpendwa,

Barua yako nimeisomea hapa intaneti ya Miomboni, mtandao ukikatika kila dakika. Mama hajambo, mguu umepungua uvimbe, sasa anazunguka kwa majirani kutafuta wa kugombana naye. Sisi wengine tunakula na kulala.

Nilicheka, nikaacha kucheka. Hebu jiulize, Rodgers kabla ya kujilaza kwenye lile kaburi alifanya nini? Alilichimba. Yeye na Wangoni wenzake walifika alfajiri, wakachimba, wakabeba maji, wakapasua kuni, sisi wafiwa tumekaa tu. Ndiyo maana alipodai mbuzi hakuna aliyenuna. Wewe umetania msiba ambao hukushika hata jembe.

Halafu sisi vita vyetu viliisha. Hakuna Mngoni anayenisimamisha nikienda shambani kwangu. Huyo mzee akirudi kwao kesho kizuizi kiko pale pale, na huyo dada sidhani kama anapanda basi roho ikiwa imetulia. Mambo yao bado ya moto, na wewe umekwishafika kwenye utani. Umeruka hatua nyingi.

Nenda kamwombe radhi. Usimweleze mila zetu, ameshaelezwa za kutosha. Mwombe radhi unyamaze.

Na nyie huko Ubelgiji, nasikia tangu uchaguzi wa Juni wameshindwa kuunda serikali, wanaosema Kiflemi na wanaosema Kifaransa hawapatani. Ndio mnapatanisha watu?

Wifi yako,
Imelda


Iringa, 2 Novemba 2010

Wifi,

Hatujambo, sijui ninyi. Kimya chako kimezidi. Marcel kwenye simu anasema uko hospitali, akakata bila kusema anayeumwa ni nani. Kaka yangu huyo angekuwa mtangazaji wa redio nchi nzima ingekufa kwa presha. Niandikie hata mstari mmoja.

Imelda


Etterbeek, 7 Novemba 2010

Wifi yangu,

Nisamehe. Mimi mzima, na Marcel nimeshamsema kwa niaba yako. Mgonjwa alikuwa Nabil, na amepona.

Nilikwenda alikofikia, Saint-Gilles, chumba cha juu karibu na stesheni ya Midi. Begi limefungwa. Nikamwomba radhi, nikanyamaza kama ulivyosema. Akanitengenezea chai na kuanza kunisimulia habari za mkewe. Katikati ya maneno akashika kifua. Niliita gari la wagonjwa, tukapelekwa hospitali ya Woluwe. Ni moyo, wifi.

Kiingereza chake kinatosha mezani, si kwa daktari. Kiebrania anakijua vizuri, amejenga nyumba za Waisraeli maisha yake yote. Dalia anakijua, na Kifaransa pia, wazazi wake walitoka Moroko. Nikampigia. Metro, treni ya chini ya ardhi, ilikuwa imefungwa siku hiyo, na Dalia hajapanda basi tangu kaka yake afe. Alipanda. Alifika jasho linamtoka, akakaa kitandani akitafsiri mpaka wakampeleka kupasuliwa. Na kesho yake akarudi, na kila siku.

Usidhani walikuwa wanabembelezana. Nabil anataka nchi yake, yenye mpaka na pasi. Dalia anasema sawa, lakini nani atamhakikishia usalama? Nabil anamuuliza, na sisi je? Kuhusu Yerusalemu walipandishiana sauti hadi nesi akaja. Hawajaafikiana. Ila kila Dalia akiaga, Nabil humuuliza kesho anakuja saa ngapi.

Juzi aliruhusiwa. Dalia anasukuma kiti, mimi nimebeba begi. Mlangoni Dalia akasimama kutafuta karatasi ya kutokea. Nabil akainua mikono yote miwili. "Hata Ubelgiji unanizuia mlangoni?"

Nilitaka ardhi inimeze. Dalia akacheka mpaka machozi, kisha yakawa machozi kweli. Nabil akanigeukia mimi. "Umeona? Utani huu, wa kuanza ni mimi." Dalia akajifuta uso, akamuuliza kama na yeye anaweza kurudisha.

Nabil akamwambia, "Bado."

Begi amelifungua. Mwisho wa mwezi wanaanza shule ya kwanza, wakiwa pamoja. Jana nilikula sahani mbili.

Wifi yako,
Veronica


Iringa, 9 Novemba 2010

Wifi,

Nimemsomea mama yote, ameshukuru Mungu hadi akataka kuchinja, kuku mmoja ameponea chupuchupu. Sisi wazima. Mama anauliza jambo moja tu, naye hatalala mpaka ajibiwe. Hiyo "bado", huyo mzee aliisema kwa uso gani?

Imelda


Etterbeek, 9 Novemba 2010

Wifi,

Salamu kwa mama, mwambie alale.

Alikuwa anacheka.

Veronica