Boga la Kusaga

Dada yangu,

Nakusalimu kutoka kwenye vumbi la saruji la hapa kazini. Mimi mzima, ila mgongo ndio unanisumbua. Maharage niliyojaribu kutia kahawa kwa kubuni tu yalitoka machungu kama dawa, tukayala hivyo hivyo.

Jana nikapika boga la kusaga kama ulivyonielekeza kwenye barua yako, lisilo na chumvi wala pilipili. Mwenzangu wa chumbani akaonja, akacheka: "Kaka, mbona umenipikia chakula cha mgonjwa?"

Mimi sikucheka. Siku hizi kila pishi unaloniandikia ni la kusaga, na hapo nyumbani uko na mama tu. Ugonjwa wa baba mlinificha mpaka akazikwa. Niambie mama anaumwa nini, nije angali ananitambua.

Ni mimi mdogo wako, ambaye si mtoto tena.